Mbuzi wa Kampuni ya Miavuli

Ukitaka kumwudhi Bénite Kahongya, mwite mwuza dawa. Hatakusalimu kwanza, atakurekebisha: yeye ni muuguzi mwenye diploma, aliyefanya kazi miaka mingi katika kituo cha afya upande wa Mabalako, na hiyo famasi yake ya Butembo, kwenye barabara inayopanda Furu, ni kazi ileile ya uuguzi, ila tu sasa yeye ndiye mkubwa. Atakuambia hayo yote huku akikupimia vidonge vyako, na sauti yake itasikika mpaka kwa fundi cherehani ng'ambo ya barabara.

Alizaliwa Kipese, kule juu Lubero ambako asubuhi maji ya kunawia yanauma vidole. Baba yake alilima viazi na vitunguu vya majani. Wanunuzi walipopanda kutoka mjini na mikogo yao, ni Bénite, msichana wa darasa la nne, aliyesimama mbele ya magunia na kuwaambia bei, na bei ikawa hiyo. Kwa hiyo wale wanaosema kwamba ukubwa wa duka ndio uliompa mdomo hawamjui. Mdomo ulitangulia, duka likafuata.

Kule Mabalako ugonjwa wa Ebola ulimkuta kazini. Watu walikimbia magari ya wageni, wakafunga milango, lakini Bénite walimfungulia. Yeye mwenyewe haoni ajabu yoyote: alikuwa amekula nyumbani kwao, amezalisha watoto wao, na amegombana nao vya kutosha. Mtu uliyegombana naye ukapatana naye unamwamini kuliko mtu mwenye koti la plastiki anayekupungia mkono kutoka mbali. Ugonjwa ulipoisha akahamia Butembo, karibu na mdogo wake Séphora, akafungua famasi. Maisha yakaenda vizuri, nami sioni haya kusema kwamba alistahili.

Kisha ikaja Kampuni ya Miavuli.

Jina lake halisi ni refu na hakuna aliyejisumbua kulikariri. Watu waliipa jina hilo kwa sababu kila famasi ya mji ilipewa mwavuli mkubwa wa buluu wa kuweka mbele ya mlango, na mvua ya Butembo unaijua. Haikuishia kwenye miavuli. Ilipaka rangi kuta za vituo vya afya. Iliwashonea wanakwaya mashati. Iliwaita wauguzi kwenye semina hotelini, wakala kuku, wakaambiwa dawa za kampuni ni nzuri, wakapiga makofi. Hata ofisi ya ukaguzi wa dawa ilipata friji mpya. Hebu fikiri: mtu anayetakiwa kukukagua, wewe ndiye unayempozea maji ya kunywa. Wenye akili hiyo hawakosi usingizi, na ndiyo maana mimi nikiwafikiria usingizi hunipotea.

Mjumbe wao mjini alikuwa Zorobabel, kijana wa Kayna, viatu viking'aa hata siku za matope, mwenye kujua majina ya watoto wa kila mwenye famasi. Bénite alimpenda. Alimwita mwana wetu, akampa chai, akapokea mwavuli, akauza dawa zake. Kati ya dawa hizo kulikuwa na siropu ya kikohozi, tamu, ambayo watoto waliinywa bila kushikwa pua.

Msimu wa mvua ulipokolea, Amani, mtoto wa Séphora, akaanza kukohoa. Alikuwa ndio kwanza anajifunza kusema sentensi nzima. Bénite alimpa mdogo wake chupa ya ile siropu kwa mkono wake mwenyewe, na Séphora akamnywesha mtoto kijiko baada ya kijiko kama alivyoelekezwa. Kikohozi kilipungua. Lakini mtoto akaacha kukojoa. Uso ukavimba, tumbo likavimba, wakamkimbiza hospitali, na kabla ya wiki kuisha wakamzika. Daktari aliuliza alikunywa nini. Walipomjibu, alifunga daftari lake kwa namna ambayo Bénite, kama muuguzi, aliielewa kabla ya kuelezwa.

Baada ya matanga, Lukumani, Mwislamu wa Beni anayesafirisha mizigo kwa lori lake, alipita kutoa pole. Akamwambia Bénite kwamba kule Mabalako pia kuna mama, anaitwa Sifa, alizika binti yake vilevile: kikohozi, siropu ileile, kisha uvimbe. Na huyo alikufa kabla ya Amani.

"Mama Bénite, miye nilipakia ile makartoni," Lukumani alisema. "Sitapakia tena. Mais bengine banapakia. Inaenda Mangina, inaenda Kayna, kila fasi."

Siku hiyohiyo Bénite aliziondoa chupa zote rafuni, akazifungia chumba cha nyuma, akaenda kwa Esdras.

Esdras ni mkaguzi wa dawa. Si mtu mbaya, na ni vizuri niseme hivyo mapema, kwa maana katika hadithi za namna hii watu hupenda kumtwika mkaguzi kila uchafu. Ni mtu mwenye ofisi ndogo, pikipiki mbovu, na wakubwa walio mbali. Alimsikiliza Bénite mpaka mwisho.

"Mama, minakuamini," alisema. "Nilituma chupa Kinshasa kwa laboratoire, nangojea jibu. Mais kampuni inasema ile sirop haiko yao. Inasema kuko batu banainakili, banatia ndani ya chupa yenye inafanana. Donc kama haiko yao, miye nitafunga dépôt ya nani?"

"Na nani atasema ni yao?"

"Benyewe. Siku mutu yao atasema mbele yangu ni mali yao, nafunga siku ileile. Sheria inaniruhusu."

Bénite alitazama friji iliyokuwa ikinguruma pembeni. "Iko inatia baridi muzuri?" aliuliza. Esdras alitazama sakafu, na Bénite akatoka bila kuaga.

Lakini kampuni haikutosheka na kukana. Ilitoa tangazo redioni, sauti tamu ya mwanamke ikiwakumbusha akina mama wapime dawa kwa kijiko cha dawa, wasipime kwa kijiko cha jikoni, maana dawa yoyote ikizidi hugeuka sumu. Sasa wewe niambie, maneno hayo yalikuwa yanamwambia nani? Siropu si yetu, na hata ikiwa yetu, mwenye kosa ni mama. Mtu anayejitetea kwa namna mbili zinazopingana anajua ana neno la kuficha.

Séphora alilisikia tangazo hilo akiwa sokoni. Alirudi nyumbani akakaa. Tangu hapo aliacha kushika kijiko, hata cha kukorogea uji. Majirani walipompelekea chakula alikula kwa vidole, akiutazama mkono wake kama mkono wa mtu mwingine.

"Ni miye, yaya," alimwambia dada yake. "Pengine nilimupa mingi."

"Ulimupa vile nilikuambia."

"Haukukuwa pale. Haukuona."

Maneno hayo yalimkata Bénite maini. Hakuwa amekuwapo, ni kweli, na hakuna diploma inayomfanya mtu aone asichokiona. Alilia usiku ule, na asubuhi hakulia tena. Hasira ya Bénite ina tabia ya kuvaa viatu na kutoka. Alipita famasi moja hadi nyingine akiwaambia wenzake waitoe siropu. Wengine waliitoa. Wengine walimwambia wateja wanaiulizia, na kwamba yeye si mkaguzi. Kila jioni alijua kwamba mahali fulani, Kayna au Mangina, mtoto alikuwa anafumbua kinywa. Na kila siku iliyopita bila mtu wa kampuni kufungua chake, mdogo wake alizidi kukauka.

Hali ilikuwa hivyo siku Zorobabel alipokuja, bila pikipiki, kwa miguu, kofia mkononi.

"Mama Bénite, pole sana," alisema. "Bakubwa banasema tukuye kuona famille. Siye bote tuko batu ba hapa, tunajuana. Tulete mbuzi, tukule pamoja, mambo iishe. Ni muzuri kuliko ma-avocat."

Hapo yanifaa nieleze kidogo, kwa ajili ya wasio wa kwetu. Kwetu mtu aliyekukosea akileta mbuzi na mkamla pamoja, neno limekufa. Hulifufui sokoni, hulifufui kanisani, na hakimu ukimpelekea atakuuliza kama mbuzi aliliwa. Kampuni ilikuwa imegundua kwamba mbuzi ni rahisi kuliko wakili, na yeyote aliyeligundua hilo lazima alijipongeza. Bahati mbaya kwake, alijifunza nusu. Kabla ya kisu, aliyeleta mbuzi husimama mbele ya watu na kulitaja kosa lake kwa kinywa chake. Akishindwa kulitaja, humfungua mbuzi wake arudi naye, na kurudi na mbuzi wa kosa ni kutangaza kwamba ulichofanya utakifanya tena. Sijawahi kumwona mtu aliyerudi naye. Zorobabel alizaliwa Kayna, aliyaona hayo tangu utoto, lakini alikuwa ameona pia watu wengi mno wakila kuku wa kampuni bila kuuliza swali. Akadhani na mbuzi ataliwa hivyohivyo.

Bénite alielewa yote kabla ya kijana kumaliza. Akamkaribisha chai.

"Leta, mwana wetu," alisema. "Dimanche, kisha misa."

Kisha akaenda mpaka kwa Esdras, akasimama mlangoni. "Inspecteur, dimanche kuko mbuzi kwetu. Kuya ukule." Esdras akashangaa kualikwa na mtu aliyekuwa hamsalimu, lakini hajazaliwa mtu wa kukataa mbuzi siku ya Jumapili.

Kazi ngumu ilikuwa ndani ya nyumba. Mkubwa wa familia ni mzee Lusenge, mdogo wa marehemu baba yao, na yeye alimtaka huyo mbuzi. Alikuwa amechoka. Alisema kampuni ina mkono mrefu, na kwamba watoto hawarudi kwa kelele. Kama angemchinja bila maneno, ingekuwa imekwisha, na Bénite angebaki na mdomo wake uliofungwa kwa mfupa. Angeweza kumbembeleza. Hakumbembeleza.

"Baba mudogo," alisema, "utamuuliza kosa yake, ao siku hizi banachinjaka tu?"

Mzee alikasirika kwelikweli. "Miye nilianza kuchinja mbuzi mbele uzaliwe. Unataka kunifundisha?"

"Hapana, baba. Niliuliza tu."

Jumapili watu walikaa uani kwenye viti na mabenchi, wengine bado na nguo za misa. Séphora alikaa mlangoni, mikono ndani ya kitenge. Esdras alipewa kiti kizuri na Fanta. Zorobabel alifika na mbuzi dume mweupe, mnene, aliyechaguliwa vizuri, pamoja na mchele na kreti za vinywaji. Mbuzi alifungwa kwenye nguzo ya ua, akaanza kula majani ya maharagwe ya Séphora, na hakuna aliyemfukuza.

Zorobabel alisimama, akakohoa. "Wasingya, aksanti kutupokea. Kampuni yetu imesikia huzuni ya hii famille. Inaleta hii zawadi ya huruma—"

"Tumesikia," alisema mzee Lusenge. "Sasa utaje kosa."

"Hakuna kosa, muzee. Ni zawadi."

"Mbuzi ya zawadi inakuyaka siku ya harusi. Hapa tulizika mutoto. Taja kosa nimuchinje."

Zorobabel aliangalia huku na huku akimtafuta mtu wa kumcheka mzee pamoja naye. Hakuna aliyecheka. Walikuwa wanangoja kwa utulivu, kama watu wanavyongoja chungu kichemke, kwa sababu hawakuona kwamba wameombwa jambo gumu.

"Mama Bénite," alisema kwa sauti ya chini, "basaidie bazee baelewe. Miye niko mutu wa kazi tu."

"Banaelewa," alisema Bénite. "Kama hakuna kosa, fungua mbuzi yako urudi naye. Pita naye katikati ya muji, batu banatoka misa. Mbele ya mangaribi mama yako Kayna atakuwa amesikia."

"Miye siko kampuni."

"Kampuni iko na kinywa gani, mwana wetu? Kwetu iko na kinywa yako tu. Ile ilituuzishaka, ndiyo itasema."

Kijana alitoa leso, akajifuta shingo. Bénite anakiri kwamba hapo aliogopa. Kama angemfungua yule mbuzi na kwenda zake, kila kitu kingekuwa kimekwenda mrama, na yeye hakuwa na mpango wa pili. Lakini alimjua. Alikuwa amemnywesha chai misimu mingi, na mtu anayekariri majina ya watoto wa watu hawezi kuwa ameyasahau yote.

Zorobabel alimtazama Séphora, kisha akatazama chini.

"Ile sirop ni yetu," alisema. "Hakuna mutu aliinakili. Miye mwenyewe niliitoa kwa dépôt nikaleta hapa. Mutoto wa Mabalako alikufa kwanza, nikabaambia bakubwa. Baliniambia niuzishe ile ilibakia, mupya itafika."

Mzee Lusenge, aliyekuwa ameshashika kisu, alikiweka mapajani.

"Na kijiko?" aliuliza Bénite. Sauti yake, ile inayosikika ng'ambo ya barabara, safari hii haikuzidi kiti chake.

"Kijiko haina kosa. Dawa iliharibikia kule banaitengenezaka. Docteur yetu alituambia. Hata mama apime muzuri namna gani, ilikuwa mubaya tu. Ile tangazo ya redio balitunga juu ya kujifichia." Akamgeukia Séphora. "Amani alikuwa ananiita tonton, kama mujomba wake. Nilikosa. Tulikosa."

Esdras aliweka Fanta yake chini ya kiti. Alisimama, akavuta koti, na kwa mara ya kwanza Bénite aliona kwamba ni mtu mrefu.

"Nimesikia," alisema. "Bote balioko hapa ni mashahidi. Zorobabel, uko na funguo ya dépôt?"

"Niko nayo."

"Twende."

"Kesho asubuhi—" alianza mtu mmoja, nadhani mwenye njaa.

"Leo," alisema Bénite.

Wakaenda mpaka ghala la kampuni, na nusu ya ua ukawafuata. Makartoni ya Kayna yalikuwa tayari yamepangwa karibu na mlango, yakingoja lori. Esdras alifunga, akatia kufuli ya serikali, akabandika karatasi yenye mhuri, na jioni ileile redio ileile ikatangaza kwamba siropu isiuzwe wala isinyweshwe. Kesi yenyewe ingali mahakamani. Kampuni imeleta mawakili kutoka mbali, na Bénite huenda kila inapotajwa, akavaa vizuri, akakaa benchi la mbele. Anasema atashinda. Sijamsikia akisema pengine.

Lakini waliporudi uani siku ile, mbuzi alikuwa bado hai, maharagwe yakiwa yamekwisha. Kosa lilikuwa limetajwa, na mzee Lusenge, mtu wa haki, alichukua kisu. Ndipo Séphora akainuka mlangoni. Hakuwa amesema neno mbele ya watu tangu mazishi.

"Baba, usimuchinje," alisema. Akaenda mwenyewe akaifungua kamba, akaiweka mkononi mwa Zorobabel. "Siye tumesikia. Nenda naye Mabalako."

Mzee akataka kusema kwamba mbuzi wa kosa harudi. Séphora alimjibu kabla hajasema. "Harudi kwao, baba. Anaenda mbele. Yule mama haja­sikia. Angali anafikiri ni mukono yake."

Basi Jumatatu Lukumani alimpakia mbuzi huyo nyuma ya lori, Zorobabel akakaa huko nyuma ubavuni mwa mbuzi, na Bénite mbele, maana yeye hakubali neno lisemwe nusu. Waliipita Beni na barabara yake yenye hatari na mambo yake, wakafika Mabalako mchana. Sifa alikuwa anamenya mihogo. Aliwasikiliza akiwa amesimama, kisu cha mihogo mkononi, na Zorobabel akasema yote tangu mwanzo bila kusukumwa.

Alipomaliza, Sifa hakuuliza habari za kampuni wala za kesi.

"Ile ya kijiko," alisema. "Rudilia."

Zorobabel akarudilia. Akaombwa tena, akasema tena. Bénite, ambaye maishani mwake hajawahi kumwacha mtu amalize sentensi, alikaa juu ya gogo akimsikiliza kijana akisema neno lilelile mpaka yule mama alipokiweka kisu chini na kuketi juu ya gogo karibu naye.